Minazi 48

Shangazi alipoanza kuumwa mwaka 2011 alinituma kazi moja. "Mwanangu, nenda mahakamani ukatafute kesi ya bibi yako kabla sijafa."

Maneno yenyewe tuliyakuta pale Ngamiani, Tanga. Arusini, ukipishana kauli kidogo na upande wa pili wa ukoo, unaitwa mjukuu wa mkwezi. Ilisemwa kwamba mama yake bibi alichopoka eda usiku akamfuata mkwezi wa minazi, enzi za Mjerumani. Bibi amezikwa na jina hilo.

Siku ya tatu masjala, karani alinishushia jalada lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilipoivuta tu ikakatika. Jina la mjane, huyo mama yake bibi, halimo. Mwanamke aliandikwa binti fulani, kwa jina la baba yake, basi. Nilimtambua kwa mumewe na kwa shamba la Mwambani. Halafu nikaona hesabu zote ni za shilingi, hakuna rupia ya Mjerumani hata moja. Shilingi zilianza kwetu 1921, Mwingereza keshashika nchi. Kumbe hata huyo Mjerumani tulisingiziwa.

Mshtaki alikuwa shemeji yake. Alidai kizuka, yaani mjane aliye edani, katoka nje kabla ya miezi minne na siku kumi, na kwamba mtoto si wa marehemu. Nikapiga hesabu kwenye daftari langu. Minazi 48. Marehemu asipokuwa na mtoto, mjane hupata robo, yaani 12, na ndugu huzoa 36. Akiwa na binti mmoja, mjane hupata thumni, sehemu moja ya nane, yaani 6. Binti nusu, 24. Ndugu hubakiwa na 18. Kwa hiyo alimvunjia heshima mke wa nduguye, na kichanga pamoja naye, kwa minazi 18. Sijamsamehe mpaka leo.

Mkunga alitoa ushahidi kwamba mtoto alizaliwa siku ya kumi na moja tangu maziko. Na mjane mwenye mimba, eda yake hukoma anapojifungua. Usiku ule alipotoka kwenda kuona nani anaangua nazi kabla mirathi haijagawanywa, hakuwa kizuka tena. Mkwezi naye aliitwa shahidi tu, aseme amekwea minazi mingapi na nazi alimpelekea nani. Liwali, aliyeamua kesi, akampa mtoto nusu yake.

Chini ya ukurasa wa mwisho lilikuwapo dole gumba la mjane, kwa wino wa zambarau, limekandamizwa mpaka mistari imezibana. Nikaweka langu kando yake bila kuligusa.

Jioni nilimsomea Shangazi nakala yote, amelala chali, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Nilipofika kwa Liwali akainua mkono.

"Rudi kwa mkunga," akasema. "Hapo pa siku ya kumi na moja."

Nikarudi. Akanisomesha mara nne.