Nilivyojifunza kumtenga furu na furu mwenzake

Ndoo ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Tulikuwa kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza tangu alfajiri, jua limeshawaka, na ndooni mna furu zaidi ya 40. Walikuwemo madume wa mgongo mwekundu, wengine wa bluu, na wachache wa rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye kitabu chochote: ubavu wa manjano unaozama kwenye tumbo jeusi. Nikawatia wote kwa pamoja kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia samaki wasioze, nikijiambia picha nitapiga kesho maabara ikitulia. Kesho yake nikakuta samaki 40 wa rangi ya udongo. Fomalini hula wekundu na manjano, ikabakiza mistari myeusi tu. Wale wa manjano sikuweza tena kuwatambua katikati ya wenzao.

Kwa msiokaa kando ya Ziwa Victoria: furu ni yule samaki mdogo tunayemtumia sana kuwa chambo cha sangara. Mwaloni, kule samaki wanakoshushwa na kuuzwa, wote huitwa furu, basi. Lakini ziwa hili lilikuwa na spishi za furu zipatazo 500, karibu zote hazipo pengine popote duniani, na zilichipuka kwa kasi ya kushangaza, maana ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki waliovuliwa kwa nyavu za kukokota chini. Kisha sangara, aliyeletwa miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na spishi nyingi zikatoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa Mwanza tangu 1977 waliwakusanya furu wengi wakiwa bado hai, lakini wengine walitoweka wakiwa na jina la muda tu kwenye chupa. Hilo huniuma kila nikilifikiria, na ndilo lililonirudisha ziwani baada ya ile ndoo.

Mara ya pili nilikwenda na utaratibu. Samaki aliyetoka kina kirefu hupanda na kibofu cha hewa kilichovimba, kwa hiyo tulikitoboa kwa sindano palepale mtumbwini. Kumlaza usingizi tulitumia mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na maji. Kisha anaingia kwenye kisanduku chembamba cha kioo, mapezi yamekunjuka, anapigwa picha akiwa bado na rangi yake. Kipande kidogo cha pezi kinakwenda kwenye kichupa cha ethanoli kwa ajili ya vinasaba, na hapo ndipo fomalini inafuata. Kila samaki alibeba namba yake, na namba hiyohiyo ikaandikwa kwenye picha, kwenye kichupa na kwenye daftari, pamoja na kina na aina ya mwamba. Kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli.

Mzee aliyetuendeshea mtumbwi alitazama siku ya kwanza bila kusema kitu. Siku ya pili akaniambia, "Mwanangu, huyu wa manjano humpati pale kwenye mteremko. Yeye anakaa juu, kwenye mawe makubwa yenye nyufa." Nikaliandika neno lake daftarini pamoja na vipimo, na kila tulipotega nyavu lilithibitika.

Maabara ndiko miezi ilikokwenda. Kwa kalipa unapima urefu wa mwili kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa pezi la mkia, urefu wa kichwa, upana wa jicho, taya, kina cha kiwiliwili. Unahesabu magamba ya mstari wa ubavuni, ambao kwa jamaa hii ya samaki umekatika vipande viwili, na miiba ya mapezi. Nilipima kila samaki mara tatu kwa siku tofauti, kwa sababu mkono uliochoka unadanganya.

Hesabu zikatoa jibu nililolitamani: furu wa manjano walikuwa na jicho dogo kuliko ndugu zao. Nililala usiku huo nikiamini nimepata spishi mpya. Msimamizi wangu aliangalia jedwali, akauliza jambo moja tu: "Hawa wana urefu gani?" Wangu wengi walizidi milimita 100. Niliowalinganisha nao walikuwa karibu 80. Na samaki ni kama mtoto wetu: akiwa mdogo, kichwa na macho ni makubwa kwa mwili wake, anavyokua, mwili unayapita. Nilikuwa nimepima umri nikauita spishi.

Nilirudi ziwani miezi miwili kutafuta wa manjano walio wadogo. Nilipowalinganisha wa urefu mmoja kwa mmoja, tofauti ya jicho ikafutika kabisa. Kilichobaki kilikuwa kidogo lakini imara. Meno ya nje ya wa manjano yana ncha mbili, yamesongamana, ya kukwangua mwani juu ya jiwe; ndugu zao wa mwamba uleule wana meno ya ncha moja, yaliyoachana. Taya la pili, lile la kooni, nalo ni jembamba zaidi. Kulitoa taya hilo bila kumharibu samaki ni kazi ya subira chini ya hadubini, na mawili ya kwanza niliyavunja.

Nilihofia pia machotara. Furu jike humchagua dume kwa rangi, na utafiti uliotolewa 1997 ulionyesha kwamba maji ya ziwa yakiwa machafu, mwanga unapotea na spishi zinazaliana. Samaki wa katikati aliyevuliwa kwenye maji ya tope anaweza kuwa chotara tu. Kwa hiyo nilihama kwenda kisiwa chenye maji angavu, nikavua aina zote mbili kwenye jiwe moja: samaki 63, na hakuna hata mmoja aliyekuwa katikati. Kwangu, huo ndio ushahidi mkubwa kuliko kipimo chochote cha kalipa.

Hapo ndipo kazi ya makumbusho ilipoanza. Kila spishi iliyokwisha kupewa jina ina samaki mmoja aliyebeba jina hilo, holotaipu, na holotaipu nyingi za ziwa letu zimo London na Leiden. Niliomba picha na eksirei zao, nikasoma maelezo ya asili ya kila jamaa wa mwambani. Pamoja na wa manjano nilikuwa na furu wengine watatu niliodhani ni spishi mpya. Wawili kati ya "wapya" hao wanne walikuwa na majina tayari. Wa tatu alikuwa jike la mmojawapo, kwani majike wengi hawana rangi ya kuwatofautisha. Amebaki mmoja, wa manjano.

Katika kusoma huko nilikutana na lugha yangu. Mwaka 1998 wanasayansi waliunda jenasi mpya, yaani makundi ya spishi za karibu, za furu wa mawe: *Pundamilia*, kwa mistari yao, na *Mbipia*, kutokana na mbipi, jina la huku kwetu. Na yule mwekundu, *Pundamilia nyererei*, alipewa jina la Mwalimu mwaka 1985 akiwa bado anawekwa kwenye *Haplochromis*. Kwa kuwa jenasi yake ilibadilika baadaye, majina ya waliomweleza kwanza huandikwa ndani ya mabano. Jina la pili likiwa kivumishi hukubaliana na la kwanza: *Pundamilia azurea*, si *azureus*. Mtu aliyekua akisema kitabu kizuri na samaki mzuri hapati tabu kuielewa sheria hiyo.

Jina la samaki wangu silitaji hapa. Jina lililotolewa bila maelezo rasmi na bila holotaipu halihesabiki, na linaweza kumchanganya atakayekuja baadaye. Andiko liko kwa wahakiki, na vinasaba vinasubiriwa. Holotaipu nimeshamchagua: dume wa milimita 94, yule yule aliyevuliwa kwenye nyufa mzee alizonionyesha. Juzi nilipompelekea picha yake aliishika muda mrefu, akauliza anaitwaje. Nikamwambia bado kidogo, baba, na kwamba kwenye kikaratasi cha chupa, chini ya kina na tarehe, nimeandika kwa penseli: juu, mawe makubwa yenye nyufa.