Mita 1,222, saa inadai 1,410

Tumeshuka Kilimanjaro, tumefika Mweka sasa hivi. Magoti yanalia.

Kambi ya Barafu ipo mita 4,673, kilele cha Uhuru 5,895. Toa: 1,222. Saa ya mkononi, inayohesabu mita tulizopanda, ikaandika 1,410!

Ziada hiyo ni ya GPS. Mkisimama kupumzika, namba inapanda na kushuka yenyewe, na saa inajumlisha kila kipando. Saa inayopima mgandamizo wa hewa ni afadhali, ila irekebishe kwa mita zilizoandikwa kwenye kibao cha kambi usiku mnapoondoka, si jioni. Hali ya hewa ikibadilika, nayo inapotoka.

Mrija wa maji uliganda kabla ya Stella Point, kwenye ukingo wa kreta. Chupa iliyogeuzwa mdomo chini ilipona, maana barafu huanzia juu.

Haya, rekodi yenu ya kupanda kwa siku moja ni mita ngapi? Na mlipimaje?