Nilivyopima mvuke wa kiwanda kwa ufito

Kiwanda chetu cha chai kiko Mufindi, na bili ya umeme ilikuwa inatutoa jasho. Akaja mtaalamu mshauri na ripoti nene: tununue boila mpya, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ya mgandamizo wa baa 30, na mtambo wa kufua umeme wa kilowati 300, mvuke ukishauzungusha uende kukausha chai. Gharama, bilioni moja na ushee. Nikamuuliza hizo tani 5 za mvuke kwa saa kazipata wapi. Kumbe kazisoma kwenye kibati cha boila ya zamani, kinachotaja uwezo wake wa juu kabisa! Kisha akazidisha kwa saa 8,760 za mwaka mzima, kana kwamba Agosti, jani likiwa haba, nako tunakausha usiku na mchana. Iliniudhi sana.

Nikasema nitapima mwenyewe. Mita ya mvuke hatuna. Nilianza na kuni tunazochoma kwenye boila, wiki nzima mzanini, nikaambulia patupu: mikaratusi ya lori hili imekauka, ya lori lile inachuruzika maji. Kilo zilezile, moto tofauti.

Ndipo nikalitazama tangi la maji ya boila. Mita 3 kwa 2, kwa hiyo kila sentimita ni lita 60. Tukalijaza kwanza, maana boila ikikaukiwa ni hatari. "Mzee, funga maji yanayoingia," nikamwambia fundi wa zamu, "na yanayorudi kutoka kwenye vikaushio, mvuke ukishapoa, yamwage nje dakika kumi tu." Nikatumbukiza ufito niliouchanja alama kwa kisu. Yakashuka sentimita 5. Lita 300, kwa saa, tani 1.8. Nikarudia mara tatu, jibu lilelile.

Saa nane usiku, vikaushio vimezimwa, hata sentimita moja haikutimia. Na huku feni za kunyaushia jani zinanguruma, zinakula umeme! Umeme tunautaka usiku kucha, lakini mvuke wa kuufua hauna pa kwenda. Hilo bili ya mwezi haikuonyeshi. Lazima uandike saa kwa saa, masika na kiangazi.

Kwa hesabu yangu mtambo usingefikia nusu ya kilowati alizoahidi, tena saa za kukausha tu. Bodi ikaukataa. Tukajenga banda la kuni, sasa zinakaa miezi sita chini ya bati kabla ya kuchomwa. Tukiongeza kikaushio kingine, nitapima upya.