Mikono ya mjukuu wangu hujibu kwanza

Wazazi wenye watoto wa miaka miwili mitatu, haya maswali ya "hii nini? na hii nini?" yapunguzeni. Mimi ni fundi cherehani, si mwalimu. Ila hapa barazani kwangu Busia, upande wa Uganda, mjukuu wangu anashinda katikati ya vyombo ambavyo wenzake wengi hawajavigusa, na macho yangu bado yanaona vizuri.

Mama yake huniachia asubuhi akienda sokoni kuuza mitumba. Kazi yangu ni gomesi, yale magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda, na kanzu, na harusi za Desemba zikianza kusogea siinui kichwa. Kwa hiyo mtoto hafundishwi. Anaokota mwenyewe.

Chukua bobini. Uzi ukiisha naitoa chini ya kile kibati kinachoteleza, naichomeka kwenye kijiti cha pembeni karibu na gurudumu, naijaza, nauvuta uzi kidogo kuona kama umekaza, narudi kushona. Sisemi neno, labda kulalamika bei ya uzi. Basi siku moja nikasikia kimya, na mtoto wa umri huo akinyamaza ujue kuna jambo. Nikainama. Yuko chini ya meza, bobini tupu mkono wa kushoto, mkono wa kulia unaizungushia kipande cha uzi alichookota sakafuni. Mizunguko yenyewe ya ovyo. Lakini alipomaliza akauvuta ule uzi, taratibu, kisha akanitazama. Huku kwetu mzee na mjukuu wake huitana jaja. Nikamuuliza, "Jaja, hiyo nini?" Akanyoosha mkono akanipa, kama vile mimi ndiye sijui. Jina hana. Kazi yake anaijua mpaka hatua ya mwisho.

Binti yangu mdogo anasomea ualimu wa watoto wadogo Chuo Kikuu cha Kyambogo, na nilipomsimulia akacheka, akasema jambo hilo limepimwa. Jane Childers na Michael Tomasello walitoa utafiti wao mwaka 2002. Waliwachukua watoto wa miaka miwili, wakawaonyesha mambo mageni kwa muda wa mwezi mmoja: wengine walifunzwa majina 6 ya vitu, wengine vitenzi 6, wengine vitendo 6 vya kufanya bila neno lolote. Baadhi ya mambo hayo yalirundikwa siku moja, mengine yakatawanywa katika wiki mbili. Kisha wakawapima papo hapo, baada ya siku moja, na baada ya wiki.

Kuelewa, watoto walielewa yote, yawe ya kurundikwa au ya kutawanywa. Tofauti ilikuja pale walipotakiwa watoe wenyewe. Vitendo waliviweza kuliko maneno. Majina yakatoka kuliko vitenzi. Na maneno yaliyotawanywa yalitoka vizuri zaidi kuliko yaliyomiminwa siku moja. Walipochunguza tena, wakaona jambo kubwa ni idadi ya siku ambazo mtoto amekutana na neno: siku zikiwa nyingi, neno linatoka kwa urahisi zaidi.

Hapo kwenye vitenzi nilikubali hata kabla hajamaliza. Huyu wangu "tepu" anasema kutwa, anaivaa shingoni kama fundi, mteja akiingia anaiburuta mpaka kwenye mguu wake na kuibana na kidole gumba. Wateja wanampenda kwa hilo. Lakini "pima" hajaitamka hata mara moja, wakati mimi naitaja asubuhi mpaka jioni. Kwa maoni yangu tepu inakaa mkononi, unaitazama utakavyo, ila kupima kunapita na kwisha, na mtoto ashike kipi hapo? Mkono wangu, mguu wa mteja, au ile kamba?

Kuna na hili la lugha. Kwangu ni Kiswahili, nyumbani kwa baba yake Kisamia, wateja wa gomesi wengi Kiganda. Mkasi huo mmoja unaitwa majina matatu kabla ya chai ya saa nne. Krista Byers-Heinlein na Janet Werker, kule Kanada, waliwajaribu watoto wa mwaka mmoja na nusu hivi kwa vitu viwili, kimoja wanachokijua na kimoja kigeni, wakataja jina jipya. Mtoto wa lugha moja aligeukia kile kigeni, maana hiki kingine kina jina lake tayari. Wa lugha mbili hawakuegemea huko sana. Wa lugha tatu, hata kidogo. Utafiti huo ulitoka 2009. Mimi sioni hasara hapo. Mtoto anayejua kwamba kitu kimoja kinaweza kubeba majina kadhaa ameijua Busia ilivyo.

Sasa niseme kilichonipandisha hasira. Mama yake alimpeleka kwenye shule moja, siitaji, akafanyiwe intavyuu ya bebi klasi, darasa la kwanza la chekechea. Intavyuu, mtoto hajatimiza miaka mitatu! Nami nilikuwepo, nimekaa benchi la nyuma. Mwalimu akainua picha ya mkasi: "Hiki ni nini?" Mtoto akanyanyua vidole viwili, akavipanua, akavibana, akavipanua tena, akasogea mbele kama anayefuata mstari wa chaki kwenye kitambaa. Mwalimu akaweka alama ya kosa. Picha ya pasi: akasugua meza. Kosa. Nikasema, "Mwalimu, samahani, huyu amekujibu." Akaniambia jaja nitulie, wanataka majibu kwa mdomo.

Mama yake amenuna tangu siku hiyo. Amenunua mabango ya picha, anataka kumkalisha Jumapili nzima amkaririshe mpaka ayamalize. Nimemwambia muhula wa kwanza unaanza Februari, shule ziko nyingi, na hapa katikati tuna siku za kutosha: mkasi leo, kesho tena, keshokutwa tena, kila mara nikiwa naushika kwa kazi. Mabango ayabandike anakopenda. Ila si hapa kando ya cherehani, yatapata mafuta.