Dabi iliahirishwa, hela za wateja nilishazitumia

Mimi ni mtu wa mauzo kwenye redio moja ya michezo hapa Mbeya, redio ndogo tu, tuko tisa pamoja na mlinzi. Watu wanadhani redio ya michezo Bongo inajiuza yenyewe coz kila mtu ni Simba au Yanga, njoo ushike wewe kitabu cha risiti uone. Mechi zenyewe haturushi, haki za ligi zina wenyewe, Azam 2021 alisaini na TFF, shirikisho la soka, miaka 10 kwa zaidi ya bilioni 225 za tivii peke yake, sisi transmita ikiungua tunachangishana. Kwahiyo tunachouza ni maneno: uchambuzi kabla ya mechi, matokeo, na ubishi wa kwenye simu mechi ikiisha. Na ubishi huohuo mtu wa Uyole anaupata redio za Dar, zinasikika vizuri kuliko sisi. Ukimpika mtangazaji akaanza kujulikana Mwanjelwa, anapigiwa simu kutoka Dar, wiki inayofuata hayupo.

Wazee wa ofisini wananiambia Mbeya City ilipopanda 2013 ikamaliza ya tatu, matangazo yalikuwa yanakuja yenyewe. Mimi nimeanza kazi 2023, mwaka walioshuka daraja. Bahati yangu ndo hiyo.

Sasa dabi ya Simba na Yanga. Ilikuwa Machi 8, 2025, Jumamosi, na matangazo ya siku hiyo nzima niliyauza kwa wateja saba, mwenye jezi, fundi simu, wenye bar, na dada mmoja ana kibanda umiza, banda la kuonyesha mpira, pale Mwanjelwa. Nikakomaa walipe kabla, maana hapa ukimpa mtu tangazo mali kauli utamfuata mpaka Kyela, kuna mmoja aliwahi kunilipa debe mbili za mchele nikagawana na watangazaji. Wale saba wakalipa. Jenereta ilikuwa imekufa, umeme nao ndo hivyo unavyoujua, hela yote ikaenda kwa fundi.

Jumamosi yenyewe mechi ikaahirishwa. Nilikuwa nakula, simu zikaanza kuita mpaka ugali ukapoa. Niliamua nisizime simu, nikamfuata mmoja mmoja dukani kwake, na wa kwanza nilimfuata yule dada maana ndo alikuwa mkali kuliko wote. Nikaanza kujieleza bodi ya ligi imesema hivi na vile, akanikata, "Mdogo wangu, mimi sikulipia maelezo, nililipia mechi." Nikamwambia dada yangu hela sina kweli, ila nipe wiki moja.

Kulikuwa na ligi ya bodaboda inaendelea uwanja wa mtaani, vumbi tupu, lakini watu wanajaa mpaka wanapanda miti. Haki za kurusha tulipewa na mwenyekiti wao kwa soda mbili. Tukaegesha kirikuu pembeni, mtangazaji akasimama juu, simu moja hewani na nyingine ya akiba, earphone tumeivisha soksi upepo usiingie. Mpira ukitoka nje jamaa anasema "umekwenda uelekeo wa kwa dada wa Mwanjelwa, chipsi zipo na kesho anaonyesha mechi mbili". Wale saba wote niliwapa bure wiki mbili, na dabi ikipangwa tena nafasi zao ziko palepale. Wawili walikataa, nikawarudishia kidogokidogo mpaka Mei, mmoja mpaka leo ananiangalia vibaya.

Wiki ya tatu nikaanza kuchaji, elfu tano ukitajwa mara moja, unatuma kwenye simu kabla mpira haujaanza. Walionunua sikuwahi hata kuwapigia: muuza helmeti, fundi pikipiki, mama ntilie, watu ambao kwenye dabi nisingewauliza coz bei ya dabi hawaiwezi. Si hela nyingi, ila inaingia kila Jumapili, wakati ajensi za Dar tangazo la leo wanakulipa baada ya miezi mitatu na uwakumbushe wewe.

Dabi ikapangwa Jumatano Juni 25. Nikaenda kwa yule dada kumwambia nafasi zake ziko tayari. Akasema, "Hizo wape wengine, mie niwekee Jumapili, boda wa Kabwe wanacheza na wa Soweto." Jumatano Yanga akashinda 2-0, na dada ni Simba, banda alilifunga mapema. Jumapili nilimtaja mara kumi na mbili, alikuwa amelipia kumi.