Mlima ulioanguka upande wetu

Watalii wengi hupandishwa Mlima Meru ili wazoeze mapafu kabla ya Kilimanjaro. Mawakala wanaunadi hivyo hivyo: siku chache za mazoezi, kisha twende kwenye mlima wenyewe. Sisi wa Maji ya Chai, chini ya Meru karibu na Arusha, tunajulikana tukifungua mdomo tu, maana meno yetu yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Nilipokuwa nasoma Dar, watu walikuwa wananiambia, "Wewe wa Arusha, eti?" hata sijamaliza salamu.

Meno haya ni kazi ya Meru. Miamba yake ya volkano ina floridi nyingi, madini yanayotia meno rangi yakizidi, na maji yakipita humo yanaishusha hadi kwenye mito na chemchemi zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwetu viko vyanzo vinavyovuka kiwango hicho kwa mbali. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, wanakochuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Bibi naye alikuwa hapiki maharage bila magadi, ambayo nayo yana floridi. Kwa hiyo mlima tuliunywa na tukaula.

Nilipanda mwezi wa tisa, kupitia lango la Momella. Huendi bila askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Afande wetu, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, alisimama ghafla kwenye kona akainua mkono. Mbele yetu kulikuwa na kinyesi kibichi kinachofuka mvuke, na vichakani kitu kizito kinapumua. Tukapita kwa juu, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga mwenzake.

Kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, tulilala. Kibanda cha Saddle, mita 3,570, tulijaribu kulala.

Usiku wa kileleni ndio ulionibadilisha. Baada ya Rhino Point unafuata ukingo wenyewe: kulia mteremko wa majivu meusi yanayoporomoka chini ya buti, kushoto hewa tupu. Kulipopambazuka nikaona nilichokuwa natembea kando yake gizani. Ni ukuta wa mwamba unaoshuka kama mita 1,500, na chini yake kilima cha majivu chenye umbo la pia iliyopinduliwa, kilichokaa katikati ya kasoko, yaani shimo la volkano. Majivu ya mwisho yalitoka mwaka 1910, wakati wa Wajerumani.

Tafuta ukuta wa mashariki, huupati. Meru ulikuwa mlima mzima, kisha kama miaka 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki ukabomoka na kumwagika kuelekea upande wa Kilimanjaro. Vile vilima vidogo unavyoviona ukiwa kwenye gari kule Momella ni mabonge ya mlima huo, na maziwa yenye heroe yametuama kwenye mabonde katikati ya kifusi. Utoto wote nilidhani Mungu aliiumba ile nchi na vinundu vyake.

Pale juu, mita 4,566, wenzangu wote walikuwa wamegeukia Kilimanjaro na simu zao. Siwalaumu, jua lilikuwa linachomoza ubavuni mwake. Mimi nilikuwa natafuta barabara ya Moshi huko chini, nijue kwetu ni wapi.

Ukienda, epuka Aprili, utatembea kwenye tope na mawingu. Na siku ya kwanza mwombe afande mpite njia ndefu, ile yenye mkuyu uliotoboka katikati. Wapagazi wanapendelea ya mkato, na wana haki, mizigo ni yao. Lakini ndefu ndiyo inayokupeleka hadi sakafuni mwa kasoko, ukauone ule ukuta kutoka miguuni pake kabla hujatembea kichwani pake.