Jioni niliyobishana na Prof kuhusu mawimbi

Hii ni 2014, nilikuwa nasomea fyusheni ya leza, yaani kuunganisha viini vya atomi kwa kuvibana kwa leza, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuendesha simulesheni za kapsuli. Kapsuli yenyewe ni kidude cha kipenyo kama milimita 2, ndani kina barafu ya deuteriamu na tritiamu (haidrojeni nzito, ndiyo fueli), leza zinapiga silinda ya dhahabu inayoizunguka, silinda inatoa eksirei, eksirei zinaunguza ngozi ya nje ya kapsuli na ile inayoruka nje inasukuma iliyobaki kwenda ndani kwa zaidi ya kilomita 300 kwa sekunde. Kwa hesabu za karatasini inabaki mviringo safi kabisa. Ila tatizo ni kwamba kitu chepesi kinasukuma kizito, na hapo ndo anaingia Rayleigh-Taylor, yaani mpaka kati ya viwili hivyo unakunjamana na mikunjo inazidi kukua. Rayleigh aliandika habari hizi 1883, leza hata haijaotwa, na bado anatusumbua.

Basi jioni ile nikaweka mikunjo midogo sana kwenye ngozi, nikaacha kompyuta ipige kazi. Kuja kuangalia, mikunjo imekuwa misumari, imechoma mpaka katikati, ngozi imechanganyika na fueli, joto lote limekwisha. Prof akapita nyuma yangu akatazama skrini, akasema, "Ongeza nguvu ya leza mwanzoni."

Nikabisha. Wimbi la kwanza la mshtuko likiwa kali fueli inapata moto mapema, na fueli ya moto haibanwi vizuri, hilo kila mtu analijua. Akanijibu, "We unataka mbano mkubwa au unataka mbano unaofika?" Watu wa Livermore, maabara ya Marekani yenye leza kubwa ya fyusheni, walikuwa wametoka kuchapisha kwenye jarida la Nature mwaka huohuo wakifanya hivyohivyo.

Nikaiendesha kwa shingo upande. Kweli mbano ulishuka, ila ngozi iliungua kwa kasi zaidi, yaani mikunjo inaliwa kabla haijakomaa, na katikati pakabaki duara. Nyutroni, ambazo ndizo alama ya fyusheni, zikapanda. Prof akaondoka anapiga mluzi, jambo lililoniudhi kuliko matokeo yenyewe.

Nikasema ngoja, nikaongeza kwenye modeli kibomba cha kujazia fueli, kile cha mikroni 10 ambacho baadaye walikipunguza hadi 5 kisha 2. Jeti, yaani mchirizi wa kasi, ikatoboa ubavuni ikaingia hadi kati. Nikamtumia picha usiku uleule bila maelezo.

Akajibu: "Sawa. Kesho saa mbili, njoo na kahawa."